Kutoka Mvukuto wa Mshana Hadi Gereji ya Mwanga: Nani Amekuwa Akimlipa Mwanagenzi?



Kamati ilipotuomba tuandike historia kwenye kijitabu cha mchango cha mwaka huu, mjumbe mmoja aliuliza historia inachangisha nini. Swali lake lilikuwa la haki. Jibu letu ni kwamba katika mkutano mkuu uliopita tuligawanyika kuhusu fungu la vijana. Wapo wanaotaka tujenge jengo la chuo cha ufundi, na wapo wanaotaka fedha hizo zimfuate kijana kwa fundi, ziwe posho yake anapojifunza kazi. Tulibishana mpaka jioni, tukaondoka bila uamuzi. Sisi tulioandika makala haya tuko upande wa posho na hatufichi. Lakini kabla ya kupiga kura tena, tumeona vema sote tukumbuke jinsi watu wa kwetu walivyopata ufundi tangu zamani, na nani alikuwa akiwalisha walipokuwa wanajifunza.

Tuanze na chuma, maana kwa chuma ndipo milima yetu ilipojulikana kabla ya kahawa na kabla ya vyeti. Chuma cha Upare wa Kaskazini hakikuchimbwa kwenye mashimo makubwa. Kilikusanywa mitoni. Mvua ikinyesha juu milimani, maji hushuka na mchanga mweusi mzito, nao hutuama penye kona za vijito, pale maji yanapopunguza kasi. Mchanga huo ndio madini yenyewe. Ulioshwa, ukatiwa katika tanuri la udongo pamoja na makaa, kisha mivukuto ya ngozi ikapuliza moto kwa saa nyingi bila kupumzika. Mpaka leo ukilima mashamba ya Ugweno jembe hugonga vipande vyeusi vizito vyenye matundu matundu. Watoto huvirushia ndege. Hayo ni mavi ya chuma, mabaki ya kazi ya babu zetu, na wataalamu wa mambo ya kale wamekuja kuyachunguza maabara wakati sisi wenyewe tunayatupa nje ya shamba.

Chuma hicho hakikubaki hapa. Wahunzi wa Uchagani walikihitaji, kwa kuwa wao walikuwa na mafundi wazuri wa mikuki na majembe lakini hawakuwa na chuma cha kutosha. Kikabadilishwa kwa mifugo na chakula. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba sisi na jirani zetu wa Kilimanjaro tulianza kufanya biashara kwenye stendi ya Moshi, wajue deni hilo ni la siku nyingi.

Profesa Isaria Kimambo, aliyekusanya simulizi za wazee wetu na kuchapisha historia ya Wapare mwaka 1969, ameeleza kwamba Ugweno ilitawaliwa kwanza na ukoo wa Washana, nao walikuwa wahunzi. Baadaye ukoo wa Wasuya ukawapindua. Wasuya walichukua kiti cha utawala, lakini nyundo ilibaki kwa Washana. Ukoo huo uliendelea kufua chuma, ukaheshimiwa na kuogopwa, na hata sasa mtu akijitambulisha kuwa ni Mshana wapo wanaosogea kidogo kwenye benchi.

Mtoto wa mhunzi alijifunzaje? Jinsi wazee walivyotusimulia, alianzia kwenye mvukuto. Alipuliza moto, akabeba makaa, akaokota nyundo ilipoanguka. Hakuna aliyemkalisha chini kumweleza. Alitazama rangi ya chuma kwenye moto mpaka akajua mwenyewe ni wakati gani kiko tayari kupigwa, na siku moja baba au mjomba akampa koleo ashike. Muda wote huo alikula chakula kilichotokana na kazi ile ile. Mbuzi aliyeletwa na mteja aliliwa na aliyepiga nyundo na aliyepuliza moto. Hakulipwa fedha, kwa sababu fedha hazikuwepo, lakini hakujifunza akiwa na njaa.

Tusiupambe sana utaratibu huo. Ulikuwa ujuzi wa ukoo. Kama hukuzaliwa ndani yake, hata ungekuwa na mikono mizuri kiasi gani, kwa kawaida ungeishia kuwa mteja. Na ulipokuja ushindani wa majembe na vyuma kutoka pwani na ng'ambo, ujuzi uliofungwa ndani ya ukoo mmoja haukuwa na pa kukimbilia. Mivukuto ikazimika.

Mafundi wa aina mpya walikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni misheni. Wamisionari wa Leipzig walianzisha kituo Shighatini mwaka 1900, na kituo kinataka kanisa, nyumba, milango, madirisha, madawati. Vijana wa kwetu waliitwa kubeba mawe, na baadhi yao wakaishia kuyachonga na kuyapanga. Wajukuu zao ndio waashi mnaowaita mkijenga nyumba zenu za likizo.

Njia ya pili ilikuwa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe, ikafika Mombo, ikapita chini ya milima yetu na kufika Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza wakaunganisha Voi na Kahe, na kwa hiyo kijana wa Usangi aliyeshuka Kisangara au Lembeni aliweza kuelekea Tanga upande mmoja, au Mombasa na Nairobi upande mwingine. Reli ilihitaji wahunzi, maseremala, mafundi wa mashine, watu wa kutengeneza breki. Ilihitaji kuwafundisha, na ilipowafundisha iliwalipa.

Hapo ndipo tunaomba msomaji asimame kidogo. Mshahara ule ulikuwa mdogo, na ubaguzi ulikuwepo: fundi Mwafrika hakulipwa sawa na Mhindi, na Mhindi hakulipwa sawa na Mzungu. Lakini kulipwa kwenyewe kulikuwa na maana kubwa kwa sababu ya kodi. Chini ya Mwingereza kila mwanamume mzima alidaiwa kodi kila mwaka, awe na kazi au asiwe nayo. Wapare tunajua uzito wa kodi. Wenzetu wa Same mwaka 1945 walikusanyika kwa maelfu kupinga kodi ya mbiru. Sasa fikiria kijana wa miaka 18 anayetaka kujifunza ufundi kwa miaka mitatu bila malipo. Nani angemlipia kodi? Baba mwenye kahawa nyingi angeweza. Baba asiye na kahawa angemwambia mwanawe aende shamba la mkonge akate majani. Kazi iliyofundisha huku ikilipa ndiyo iliyomfungulia mlango mtoto wa maskini, na hiyo ndiyo sababu wengi wa mafundi wa kwanza waliotoka kwetu hawakuwa watoto wa wakubwa.

Serikali ya kikoloni yenyewe ilichelewa sana. Shule ya ufundi ya Ifunda, Iringa, ilifunguliwa mwaka 1951 katika majengo yaliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Ya Moshi ilifuata mwaka 1957, na hiyo ilikuwa karibu nasi. Mpango wake ulikuwa mzuri kuliko watu wanavyokumbuka: miaka mitatu shuleni, kisha miaka miwili ya uanagenzi kwa mwajiri, kama Idara ya Ujenzi, reli au kampuni, kijana akilipwa huku akisimamiwa na fundi mkubwa. Hakuhesabiwa fundi kamili mpaka amalize yote mawili. Waliopita njia hiyo ndio waliotandaza nyaya na mabomba katika miji yetu baada ya uhuru.

Walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba tulipata uhuru nchi ikiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Kwa hali hiyo hatuwezi kuilaumu serikali changa kwa kutaka watu wenye elimu ya juu haraka. Ifunda na Moshi zikageuzwa kuwa sekondari za ufundi. Wanafunzi wake wakaanza kufanya mitihani ya kwenda mbele, na ile miaka miwili ya kwenye karakana ikakatika. Tulipata wahandisi, na wengine ni ndugu zetu tunaojivunia, lakini daraja la katikati, la mtu anayeshika spana, likaachwa na pengo.

Pengo hilo lilijazwa kwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1974. Kwa miaka kadhaa utaratibu ukarudi kuwa ule wa akili: kijana anapata msingi chuoni, kisha anaingia kiwandani au kwenye shirika la umma kama mwanagenzi, analipwa, anafanya majaribio ya daraja la tatu, baadaye la pili, na mwenye bidii la kwanza. Waulizeni wazee waliostaafu viwandani Tanga na Dar es Salaam. Watawaambia jina la fundi aliyewafundisha kabla ya kuwaambia jina la chuo.

Wakati huo huo kilijaribiwa kitu kingine, nacho kinahusu moja kwa moja ubishi wetu wa sasa. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vituo vya ufundi vilianzishwa kwenye shule za msingi nchi nzima, ili mtoto aliyemaliza darasa la saba asiende bure. Nia ilikuwa njema sana. Majengo yalisimama, mengine kwa msaragambo. Lakini randa zilikuwa mbili kwa watoto thelathini, mbao hakuna, mwalimu hajawahi kuuza kiti maishani mwake, na kijana hapati hata senti. Vingi vilikufa kimya kimya. Ukipita katika baadhi ya shule utaonyeshwa chumba na kuambiwa hapa palikuwa ufundi. Sasa ni stoo.

Tukiri na letu. Sisi wa Upare tulipoona nafasi za sekondari za serikali ni chache, tulijenga zetu. Tulibeba mawe, tulichanga, kila kata ikataka shule yake, na nchi nzima ikatutolea mfano. Hatujutii hata tofali moja. Lakini katika kuzijenga tulijenga pia dharau fulani. Mtoto aliyefaulu alishangiliwa kanisani na msikitini, na aliyekwenda kwa fundi cherehani alihesabiwa kuwa aliyeanguka. Tulisahau kwamba hata hizo sekondari zilijengwa na mafundi, ambao tuliwalipa kwa kuchelewa.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa, na mlango ule wa mwanagenzi anayelipwa ukafungwa pamoja nayo. Mwaka 1994 ilipitishwa sheria iliyoanzisha VETA, na vyuo vyake vimefanya kazi kubwa. Kilichobadilika ni mkondo wa fedha. Zamani kijana alikuwa akilipwa kujifunza. Sasa mzazi ndiye anayelipa ada. Asiyekuwa na ada huenda gereji au kwenye ujenzi kuwa saidia fundi.

Saidia fundi si mwanagenzi, ingawa kwa mbali wanafanana: wote wana nguo chafu na wote hutumwa. Mwanagenzi ana mkataba, ana orodha ya mambo anayopaswa kufundishwa, ana posho, na ana siku ya kumaliza. Saidia fundi hana hata kimoja. Kijana mmoja wa kwetu, tunamjua sote na hatutamtaja, alikaa gereji moja mjini kwa miaka minne. Kwa miaka hiyo minne aliosha vyombo vya mafuta, alifungua matairi, alinunua chai. Siku akiwa na bahati alipewa elfu mbili. Alipoomba afundishwe injini aliambiwa asubiri, kwa sababu akishajua injini ataondoka na kufungua gereji yake ng'ambo ya barabara. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemlipa kwa kufundisha, na hasara ya kufundisha ilikuwa yake peke yake. Kijana akarudi nyumbani, sasa anaendesha bodaboda ya mtu mwingine.

Kwa hiyo tukisema posho hatumaanishi ya kijana tu. Fundi anayeharibu saa yake na vifaa vyake kumfundisha mtu naye anastahili kitu. Washana walilimaliza tatizo hilo kwa kufundisha watoto wao wenyewe. Reli ililimaliza kwa kuwa mwalimu na mwajiri walikuwa ni yule yule. Sisi tusio na ukoo wa wahunzi wala reli tunapaswa kulimaliza kwa mfuko wa pamoja.

Serikali haijalala, tuseme ukweli. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inayokokotolewa kwa asilimia ya mishahara, na sehemu yake huenda kwenye mafunzo ya ufundi. VETA imejaribu uanagenzi pacha kwa kushirikiana na mafundi wa Hamburg, Ujerumani, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na karakana ya mwajiri. Chuo cha Moshi ni kimojawapo. Pia upo utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Hayo yote ni mazuri. Ila uanagenzi pacha unataka mwajiri mkubwa, hoteli au kiwanda, na Mwanga yetu ina mafundi magari, wachomeleaji, maseremala, mafundi umeme wa majumbani na mafundi wa pampu, kila mmoja na kibanda chake. Tozo haiwafikii kwa sababu wao si waajiri wa watu kumi. Wengi ni waajiri wa mtu mmoja na nusu.

Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kulala zaidi ya miaka ishirini, na baadhi yetu tuliipanda kuja Krismasi tukiimba kama watoto. Mzee mmoja tuliyekaa naye behewa moja, fundi mstaafu wa reli, hakuimba. Aliinama akisikiliza magurudumu, kisha akauliza ni nani siku hizi anayefundishwa kuyasikiliza. Hatukuwa na jibu.

Na tusisahau kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita chama hiki kilinunua cherehani kwa ajili ya mabinti. Tulipiga picha, zikatoka kwenye kijitabu kama hiki. Hatukumlipa mtu wa kufundisha, hatukufikiria binti atakula nini wakati anajifunza, wala nani atanunua sindano ikivunjika. Cherehani nne zilipatikana juzi zikiwa na nailoni yake bado. Mbili hazijulikani ziliko. Vitu vilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kukaa navyo na sababu ya kukaa.

Pendekezo tunaloliweka mbele yenu basi ni hili. Tuanze na vijana wachache, wavulana kwa wasichana, na tuwaweke kwa mafundi wa Mwanga, Kikweni na Kifula wanaojulikana kwa kazi yao. Kila mmoja awe na mkataba wa maandishi uliosainiwa na fundi, mzazi na chama, mbele ya mtendaji wa kata. Mfuko umlipe kijana posho ya kila mwezi ya chakula na nauli. Fundi apewe kifuta jasho kwa awamu, na awamu ya mwisho ailipwe kijana akishafaulu upimaji wa VETA, siyo kabla. Mteja akilipa kwa kazi aliyoifanya kijana, sehemu iwe ya kijana, kama mbuzi wa mhunzi. Na siku ya kumaliza apewe sanduku la vifaa vyake mwenyewe, ili asilazimike kuazima nyundo kwa yule yule aliyemfundisha.

Wanaopenda jengo tunawaheshimu. Jengo linaonekana, lina bamba la jina, na mgeni rasmi hukata utepe. Posho haina utepe. Kama baada ya miaka mitatu tutakuwa na mafundi wa kutosha, tutawapa wao kazi ya kulijenga hilo jengo, nasi tutakuwa wa kwanza kubeba mawe.

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu hiki. Mwaka huu ina sehemu mbili: ya kwanza ya fedha, ya pili kwa mafundi wa kwetu popote walipo, wastaafu na walio kazini, walio tayari kuja likizo moja kusimamia na kupima vijana. Hata mwenye randa, koleo au spana asizotumia tena aandike hapo. Wenye magari yanayopanda Desemba wamekubali kuzibeba bure mpaka Mwanga, na kijana wa bodaboda tuliyemtaja juu ameomba awe wa kwanza kwenye orodha.